Majedwali matatu kwenye dirisha moja, na skroli iliyosingiziwa

Programu yenyewe ni ya maktaba, imeandikwa kwa Java na uso wake umejengwa kwa Swing, zana ya Java ya kujengea madirisha. Kazi yake ndogo tu: juu kushoto jedwali la vitabu vilivyopo, juu kulia jedwali la vilivyoazimwa, chini yake jedwali la waliochelewa kurudisha, kila jedwali lina lebo juu yake inayotaja jina na idadi, afu chini kabisa kuna lebo moja ya hali, ile inayoandika "Imehifadhiwa" au "Database haipatikani". Ukimchorea mtu kwenye karatasi anaelewa hapo hapo. Jamaa aliyeiandika ni mtu wa database, na upande huo hana mpinzani, ila meseji aliyoituma ilikuwa na maneno matatu: "skroli haifanyi kazi".

Sasa ukweli ni kwamba skroli ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu, ilikuwa inafuata kile ilichoambiwa. Nitaeleza kisa hiki kwa jinsi makosa yalivyozaana, sio kwa jinsi yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu ukifuata macho utatibu dalili moja moja mpaka ukome na dirisha bado litakuwa bovu.

Kilichokuwa kinaonekana

Kwa data ya majaribio, mistari mitano kwa kila jedwali, dirisha lilikuwa linatazamika. Kero ilikuwa kwenye lebo: badala ya kukaa kushoto, kila lebo inaanzia katikati, yaani herufi ya kwanza iko pale katikati kabisa ya jedwali na maneno yanaenda kulia. Na jedwali la vilivyoazimwa halikuwa na vichwa vya safu, ni data tupu, hujui tarehe ile ni ya kuazima au ya kurudisha. Jamaa akaona hayo ni mapambo, atayashughulikia mwishoni.

Ilipoingia data halisi ndo mambo yakageuka. Jedwali la kushoto likapotea kabisa, dirisha likifunguka upande wa kushoto ni kijivu kitupu, ila ukishuka na skroli ya dirisha zima, unashuka, unashuka, unalikuta huko chini linaelea peke yake. Jedwali la kulia limeshuka maelfu ya pikseli. Lile la waliochelewa linaonyesha mistari kumi na mbili na nusu, yaani ule wa kumi na tatu umekatwa kiuno, chini yake uwanja mtupu, na hakuna upau wowote wa kuskroli japo database ina mamia ya majina. Lebo ya hali iko mwisho wa dunia, hakuna mtu ataiona. Na gurudumu la maus lilikuwa na tabia ya ajabu, kuna sehemu ukizungusha dirisha linasogea kidogo kidogo mno na kuna sehemu halisogei kabisa.

Ukiorodhesha hivyo unaona matatizo sita au saba. Mimi naona moja: kwenye kodi ile hakuna aliyejua nani mwenye nafasi. Kila kitu kilikuwa kinajipangia ukubwa au kinapangiwa na mtu asiyehusika.

Kosa la kwanza, lililozaa mengine yote

Kwenye jedwali la vilivyoazimwa kulikuwa na mistari miwili ya kodi inayofuatana:

JScrollPane s2 = new JScrollPane(azimwa);
paneliKulia.add(azimwa);

Angalia vizuri. Ametengeneza JScrollPane, yaani kisanduku chenye upau wa kuskroli, ameweka jedwali ndani yake, halafu kwenye paneli akaweka jedwali badala ya s2. Kwenye Swing komponenti (kipande chochote cha dirisha: lebo, jedwali, paneli) haiwezi kuwa na wazazi wawili, ukiiongeza kwenye paneli nyingine inatolewa kwanza kule ilikokuwa, kimya kimya, hakuna erro, hakuna onyo. Kwa hiyo s2 imebaki tupu haipo popote, na jedwali liko uchi kwenye paneli.

Jedwali likiwa uchi hivyo, vitu viwili vinatokea. Cha kwanza ni vichwa vya safu kutoonekana, kwa sababu vichwa vya JTable, jedwali la Swing, ni komponenti ya pembeni inayojitegemea, na anayeipandisha juu ni JScrollPane: jedwali likigundua limewekwa kama mwonekano mkuu wa JScrollPane linapeleka vichwa vyake kwenye eneo la juu la ile skroli. Bila skroli unatakiwa uvichukue mwenyewe kwa getTableHeader() na kuvipachika. Cha pili, na hiki ndo kibaya, ni kwamba jedwali linaomba urefu wa mistari yake yote. Kwa muonekano wa kawaida wa Swing mstari mmoja una pikseli 16. Mistari mitano ni pikseli 80, nani atagundua? Weka mistari 300, hizo ni pikseli 4800.

Hapo ndo lile jedwali la kushoto lilipopotelea. Paneli ya juu iliyobeba majedwali mawili ilikuwa JPanel ya kawaida ambayo hajaipa leiauti, yaani kanuni ya kupanga vilivyomo, na JPanel usipoipa leiauti inatumia FlowLayout. FlowLayout inapanga vitu kwenye mstari mmoja na kila kitu inakiweka katikati ya urefu wa mstari huo. Mwenzake wa kulia akiwa na pikseli 4800 na yeye akiwa na mia nne na kitu, anaanzia karibu na pikseli ya 2180. Hajapotea, amewekwa katikati kwa uaminifu kabisa.

Jamaa alipoona dirisha limerefuka hivyo akafanya kitu ambacho wengi wangefanya, akafunga paneli yote kubwa ndani ya JScrollPane nyingine ya nje. Na hiyo ndo "skroli" aliyokuwa anaisema kwenye meseji. Ilikuwa tiba ya ugonjwa ambao hakujua ameuanzisha yeye mistari michache juu, na tiba hiyo ikaleta mawili mapya.

Skroli ndani ya skroli

Mimi huwa naanza kushuka moyo nikiona JScrollPane ndani ya JScrollPane zote zikiwa za kwenda juu na chini. Kuna siku inahitajika, ila ni mara chache sana.

Shida yake kwenye Swing ni gurudumu la maus. JScrollPane ya ndani inasikiliza gurudumu, na tukio likishafika kwake linaishia hapo, hata kama yeye hana pa kwenda, halipelekwi kwa mzazi. Kwa hiyo maus ikiwa juu ya jedwali la waliochelewa, ambalo lina JScrollPane yake, ukizungusha hakuna kinachosogea. Maus ikiwa juu ya lile jedwali lililo uchi, dirisha la nje linasogea. Ikiwa juu ya kijivu, linasogea pia. Mtumiaji anaona programu ina nongwa.

Na linaposogea linasogea kwa unyonge. JTable inatekeleza kiolesura kinachoitwa Scrollable, yaani inajua kuiambia skroli "hatua moja ni mstari mmoja". JPanel ya kawaida haijui, kwa hiyo skroli inatumia hatua yake ya msingi ambayo ni pikseli moja, gurudumu likizidisha mara tatu unapata pikseli tatu kwa kila mkwaruzo wa kidole. Ukiwa na paneli yenye urefu wa pikseli elfu tano utazeeka hapo. Kuna watu wanatibu kwa getVerticalScrollBar().setUnitIncrement(16) na inafanya kazi, ila hapa ilikuwa kupaka rangi ukuta unaotakiwa kubomolewa. Skroli ya nje haikutakiwa kuwepo.

Mistari kumi na mbili na nusu

Hili la jedwali la waliochelewa ndo nalipenda zaidi kwa sababu namba yenyewe inakuonyesha mwizi. Mistari 12 na nusu mara pikseli 16 ni 200. Nikatafuta 200 kwenye kodi, nikaipata:

chelewa.setPreferredSize(new Dimension(600, 200));

Nia yake ilikuwa njema, alitaka jedwali hili liwe fupi kuliko yale ya juu. Lakini ameuliza swali kwa mtu asiyehusika. Ndani ya JScrollPane kuna vitu viwili tofauti kabisa ambavyo macho yanaviona kama kimoja: kuna jedwali lenyewe, ambalo linaweza kuwa refu kadiri data ilivyo, na kuna tundu la kuchungulia, viewport kwa jina lake la Swing, ambalo ndo unaliona kwenye skrini. Skroli inafanya hesabu moja tu, urefu wa jedwali ukizidi urefu wa tundu inatoa upau, usipozidi haitoi. Ukiliambia jedwali "wewe ukubwa wako ni 200", litabaki 200 hata ukiongeza mistari elfu, maana umelinyima haki ya kujihesabu. Tundu lenyewe lilikuwa na urefu wa 400. Skroli ikapima, 200 ni ndogo kuliko 400, hakuna haja ya upau. Mistari mingine ipo, imeangukia nje ya mpaka wa jedwali, na hakuna njia ya kuifikia.

Kwa nini tundu lilikuwa 400? Kwa sababu JTable usipoiambia kitu inaomba tundu la 450 kwa 400. Ni namba iliyowekwa humo tangu zamani, haina uhusiano wowote na data yako. Na hii peke yake inatosha kuharibu dirisha la majedwali mawili yaliyopangana juu na chini: 400 na 400 ni 800, ongeza vichwa, ongeza lebo, umeshaizidi laptop ya 1366 kwa 768 kabla hujaweka mstari hata mmoja wa data. Ndo maana programu nyingi za Swing zikipigwa pack(), amri ya kulipa dirisha ukubwa ambao vilivyomo vinauomba, zinafunguka zikiwa kubwa kuliko skrini na watu wanakimbilia setSize, yaani kupanga ukubwa kwa mkono.

Alichotakiwa kukipangia ukubwa ni tundu, na njia ipo, jina lake refu kidogo: setPreferredScrollableViewportSize. Na ukiipa namba, usiipe pikseli kutoka kichwani, ipe mistari. Unataka mistari sita ionekane? getRowHeight() mara 6. Kesho mtu akiongeza ukubwa wa fonti na urefu wa mstari, tundu linafuata lenyewe.

Lebo zilizokimbilia katikati

Hii wengi wanadhani ni bagi ya Java. Paneli ndogo zilizobeba lebo na jedwali zilikuwa na BoxLayout ya kwenda chini. BoxLayout haipangi vitu kwa ukingo wa kushoto, inapanga kwa mstari mmoja wa kufikirika uliosimama wima, na kila komponenti ina namba inayosema mstari ule unampitia wapi: 0 ni ukingo wa kushoto, 0.5 ni katikati, 1 ni kulia. JLabel inazaliwa na 0. JScrollPane inazaliwa na 0.5. Basi mstari unapita katikati ya jedwali na unapita ukingo wa kushoto wa lebo, kwa hiyo lebo inaanzia katikati ya jedwali. Haijakosewa hata pikseli moja.

Tiba ya haraka ni kuipa JScrollPane setAlignmentX(Component.LEFT_ALIGNMENT) ili wote wawe 0. Ukishindwa kukumbuka nani anazaliwa na namba gani (na hakuna anayekumbuka, hata mimi huwa naangalia), wape wote. Jamaa yeye alikuwa ametibu kwa kuongeza nafasi tupu mwishoni mwa maandishi ya lebo, nafasi kama arobaini hivi, ili lebo iwe ndefu. Inaisogeza lebo ya jedwali moja kwenye kompyuta moja kwa fonti moja. Niliziona nikacheka, halafu nikazifuta.

Kuna lingine la lebo ambalo halikuwepo kwenye meseji yake ila lingemkuta mbele ya safari. JLabel ikibanwa haipigi mstari mpya, inakata maneno na kuweka nukta tatu. Kwenye kompyuta ya mtu mwenye fonti kubwa "Waliochelewa kurudisha: 212" inakuwa "Waliochelewa kuru..." na ile idadi ambayo ndo ilikuwa muhimu imekufa. Kama huna uhakika na upana, weka namba mbele: "212 wamechelewa". Ikikatwa, inakatika sehemu isiyo na hasara.

Jinsi lilivyojengwa upya

Kwanza tulifuta. Kila setSize, kila setBounds, kila setPreferredSize, ile skroli ya nje, zile nafasi tupu kwenye lebo. Halafu tukauliza kwa kila kipande, dirisha likiongezeka nafasi nani anaichukua? Lebo hazitaki nafasi, zinataka urefu wao tu. Majedwali ndo yanataka kila kitu kinachobaki. Ukishajibu hivyo BorderLayout inakuwa imejichagua yenyewe, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi: kaskazini na kusini wanapata urefu wanaouomba, katikati anapata kilichobaki chote.

static JPanel sehemu(JLabel lebo, JTable jedwali, int mistari) {
    JPanel p = new JPanel(new BorderLayout(0, 4));
    jedwali.setPreferredScrollableViewportSize(
        new Dimension(450, jedwali.getRowHeight() * mistari));
    jedwali.setFillsViewportHeight(true);
    lebo.setLabelFor(jedwali);
    p.add(lebo, BorderLayout.NORTH);
    p.add(new JScrollPane(jedwali), BorderLayout.CENTER);
    return p;
}

Kazi (function) hii moja inaitwa mara tatu na ndo roho ya dirisha zima. Ona kwamba JScrollPane inatengenezwa pale pale inapowekwa, haina hata jina, kwa hiyo lile kosa la kuongeza kitu kisicho chenyewe halina pa kutokea. setFillsViewportHeight inalifanya jedwali lenye mistari michache lijaze tundu lake lote, bila hiyo chini ya mistari unabaki uwanja wa rangi nyingine na mtumiaji akibofya pale jedwali halijui. setLabelFor watu wengi wanairuka, lakini ndo inayoifanya programu ya kusoma skrini ijue lebo ile ni jina la jedwali lile, kwa mtu asiyeona lebo ikiwa juu tu ya jedwali haimaanishi chochote.

Majedwali mawili ya juu tuliyaweka kwenye GridLayout ya mstari mmoja na safu mbili. Hapa kulikuwa na ubishi kidogo, jamaa alitaka GridBagLayout kwa sababu amesoma kwamba ndo yenye nguvu kuliko zote. Ni kweli ina nguvu, lakini kwa kazi hii ina tabia moja inayokera: uzito wa weightx unagawa nafasi ya ziada tu, upana wa msingi wa kila safu bado unatokana na kilichomo ndani. Sasa lebo yako inabadilika kila dakika, "Vilivyopo: 9" inakuwa "Vilivyopo: 1204 (vinasubiri kukaguliwa 37)", na ikizidi upana wa jedwali safu ya kushoto inanenepa na mpaka wa katikati unaruka mtumiaji akiwa katikati ya kusoma. GridLayout haijali nani ana maneno mengi, nusu kwa nusu. Na GridBagLayout ina lingine, dirisha likiwa dogo kuliko kinachoombwa inaacha kutumia ukubwa unaopendelewa na kurukia ukubwa wa chini kabisa, na wa JScrollPane ni mdogo mno, ukisahau uzito jedwali linasinyaa ghafla unabaki na kamstari. Sio leiauti mbaya, naitumia kwenye fomu, ila hapa haikuwa na la kuchangia.

Kati ya juu na chini tukaweka JSplitPane, kigawanyo kinachovutika kwa maus, ili mtu mwenye wachelewaji wengi avute mwenyewe. Tukaipa setResizeWeight(0.7), yaani dirisha likikua sehemu ya juu inachukua asilimia 70 ya nafasi mpya. Jamaa alianza na setDividerLocation(0.7) akashangaa mgawanyo haukufuata asilimia hiyo. Ile ya asilimia inazidisha na ukubwa wa sasa, na kabla dirisha halijaonekana ukubwa wa sasa ni sifuri. Mwishoni fremu yenyewe, ambayo tayari ina BorderLayout, JSplitPane katikati, lebo ya hali kusini, pack(), basi.

Kwa mistari 12 juu na 6 chini dirisha lilifunguka likiwa na nafasi ya kutosha hata kwenye ile laptop ya 768, na gurudumu likaanza kutii kila mahali, kwa sababu popote maus ilipo kuna skroli moja tu inayohusika.

Safu zilizobanana

Tulipomaliza urefu ukaibuka upana. Jedwali la vitabu lina safu tisa, kwenye tundu la 450 kila moja inapata 50, na ISBN siku hizi ina tarakimu 13, kwa hiyo safu nzima ilikuwa "978..." tupu kwa kila kitabu. Jamaa akauliza mbona upau wa kwenda pembeni hautokei. Hautokei kwa sababu JTable kwa kawaida yake inakubali kubanwa ienee kwenye upana wa tundu, inagawana shida na safu zote, na jedwali lisilozidi tundu halina cha kuskroli. Ukitaka upau wa pembeni lazima useme setAutoResizeMode(JTable.AUTO_RESIZE_OFF), hapo kila safu inabaki na upana wake, ambao usipoupanga ni 75, na zikizidi tundu upau unakuja.

Ubaya wake ni kwamba dirisha likiwa kubwa safu zinaishia njiani na kulia kunabaki wazi. Ukitaka vyote viwili, acha mfumo wa kawaida na uandike upya getScrollableTracksViewportWidth irudishe kweli pale tu upana unaopendelewa na jedwali ni mdogo kuliko upana wa mzazi wake. Ikitosha inaenea, isipotosha inaskroli. Kamstari kamoja ila kanabadilisha kabisa hisia ya programu.

Halafu akataka jina la kitabu libaki palepale wakati safu nyingine zinapita. Inawezekana, na hapa ni kweli unahitaji jedwali la pili dogo lenye safu moja, linalotumia modeli ile ile ya data, modeli ile ile ya uteuzi, na kama unapanga mistari basi RowSorter (kipangaji cha mistari) ile ile, unaliweka kwa setRowHeaderView. Vitego viwili: jedwali hilo dogo nalo litaomba tundu la upana wa 450 usipolipunguza kwa setPreferredScrollableViewportSize(dogo.getPreferredSize()), na kichwa chake hakitapanda chenyewe maana halipo kwenye mwonekano mkuu, unakipachika kwenye kona ya juu kushoto kwa setCorner.

Sio Swing peke yake

Ukibadilisha zana, ugonjwa unabadilisha jina tu. Kwenye WPF, zana ya madirisha ya Microsoft, DataGrid (jedwali lake) ikiwekwa ndani ya StackPanel ya kwenda chini inaambiwa "urefu wako hauna mwisho", kwa hiyo inajinyoosha kwa mistari yote, haitoi upau, na juu ya hapo inapoteza ule ujanja wa kuchora mistari inayoonekana tu, ukiipa mistari elfu hamsini programu inasimama. Tiba ni kuiweka kwenye Grid kwenye mstari wenye urefu wa nyota (*), yaani unaochukua kilichobaki. Kwenye Tkinter, zana ya Python, mistari na safu za grid zinaanza na uzito 0, usipotoa rowconfigure na columnconfigure yenye weight, Treeview yako (ndo jedwali lake) itabaki ndogo hata dirisha likijaza skrini, na Scrollbar ni komponenti tofauti ambayo lazima uiunganishe pande zote mbili, jedwali liiambie liko wapi na yenyewe iliambie jedwali liende wapi. Qt, zana ya C++, ndo imerahisisha zaidi, QTableView yenyewe tayari ni eneo la kuskroli, lakini bado nimeona watu wanaifunga ndani ya QScrollArea na kurudi kwenye lile tatizo la skroli mbili.

Tulichobakiza

Idadi kwenye lebo sasa zinajibadilisha zenyewe, kila modeli ya jedwali (inayoshika data yake) ina TableModelListener, msikilizaji wa mabadiliko, inayoandika upya lebo yake, na kazi ya kusoma database imehamishiwa kwenye SwingWorker, inayofanya kazi nyuma ya pazia, ili dirisha lisigande wakati wa kusoma na lebo ziguswe kwenye uzi wa matukio tu, ule unaochora dirisha. Safu ya idadi ya nakala ilikuwa inapanga 10 kabla ya 9 kwa sababu DefaultTableModel inasema kila safu ni Object na upangaji unafanyika kama maandishi, tukaandika upya getColumnClass irudishe Integer, na namba zikahamia kulia zenyewe kama inavyotakiwa.

Kilichotuchelewesha mwishoni ni kitu kidogo mno. Kila ujumbe wa hali ulipotokea, majedwali yote yalikuwa yanaruka juu kidogo, na ukifutika yanashuka. Tulipekua JSplitPane bure. Sababu ni kwamba JLabel yenye maandishi matupu kabisa inaomba urefu wa sifuri, kwa hiyo ule upande wa kusini ulikuwa haupo mpaka ujumbe uje, ukija BorderLayout inaupa nafasi na katikati inapungua. Sasa lebo ya hali haiwekewi tena "" bali " ", nafasi moja tupu, na dirisha limetulia.